Zamu ya Mchana

Mutomo, 3 Januari 1994

Daftari hili amenunua Mutie, mwanangu wa kwanza, huko Nairobi, pamoja na kalamu mbili za bluu. Akaniambia, "Mwaitu, wewe una cheti cha ngumbaru, andika basi, usikae tu unatusomea makosa ya barua zetu." Mwaitu maana yake ni "mama yangu", kwa wale wasiojua Kikamba. Basi naandika. Katika kijiji hiki wanawake wa umri wangu wanaoweza kujaza ukurasa ni watatu, na mmoja wao anachora zaidi ya kuandika.

Mutie ana miaka ishirini na sita. Ni askari wa kampuni ya ulinzi: ana kofia, ana mkanda mpana, ana filimbi. Analinda ghala moja karibu na stendi ya mabasi, zamu ya usiku. Amerudi kazini jana. Siku nane alizokaa hapa nilimsikia akikohoa. Pumu anayo tangu utoto, lakini nilifikiri imezeeka na kulegea.

"Ni moshi wa mabasi, mwaitu. Yakishaenda kulala, napumua vizuri mpaka asubuhi."

Moshi gani. Mtu anakaa nje usiku kucha katika ile baridi ya Nairobi, kisha ananiambia moshi. Nimelea watoto watano bila baba yao, Mungu amlaze pema, na sijazika hata mmoja, kwa sababu hakuna aliyelala kwangu kifua wazi.

6 Januari

Joto. Mbuzi wameingia kivulini tangu saa nne.

9 Januari

Jumapili. Baada ya ibada jirani yangu Kalunde aliniuliza kama Mutie anaweza kumtafutia Kiema wake kazi kwenye kampuni. Nikamwambia kazi ile haipewi kila mtu, wanapima urefu, wanaangalia mpaka meno. "Meno ya nini," akasema, "kwani atauma wezi?" Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, lakini kazi bado ni ya Mutie.

13 Januari

Nimefikiri tangu juzi na nimepata. Supavaiza wa Mutie anaitwa Ndululu, na kwao ni Nunguni, na mama yake yuko hai. Sasa sisi tuna njia yetu. Mwanamume akienda kwa mkubwa kuomba, ataambiwa kuna utaratibu. Lakini mama akienda kwa mama wa mkubwa, akafika na kitu alichokifanya kwa mikono yake, utaratibu huo unasogea upande. Hakuna mwana wa Kikamba atakayemwambia mama yake, rudisha ulichopewa.

Nina kiondo nilichoanza mwezi wa kumi. Nitakimaliza wiki hii. Na beberu yule mweusi.

14 Januari

Nimesuka mpaka vidole vimeota malengelenge.

23 Januari

Nimerudi jana. Nilisafiri na lori la Dirie, yule Msomali anayenunua mbuzi hapa na kuwapeleka Nairobi kila Alhamisi. Tulipopakia akasema, "Mama Mutie, beberu akae mbele na mimi. Wewe panda nyuma na hawa wengine, maana yeye ndiye mgeni rasmi." Nikamwambia huyo beberu ana adabu kuliko dereva. Nilikaa mbele, tukapitia Kibwezi, nikalala Emali kwa binamu, nikapanda Nunguni asubuhi na gari la mboga.

Nunguni ni kuzuri, sitasema uongo. Ukungu, kabichi, udongo mwekundu unaoshika kiatu. Mama yake Ndululu anaitwa Mbinya. Mwanamke mfupi, mwenye macho ya kukagua. Alikipokea kiondo, akakigeuza ndani nje, akatafuta nilipokosea. Hakupata.

"Haya, mama Mutie, unataka nini kwa mtoto wangu?"

"Nataka mtoto wangu atolewe kwenye baridi. Awekwe mchana. Na awekwe pahali penye miti, mbali na mabasi."

"Hakuna kingine? Watu wanakuja hapa wakitaka vyeo."

"Cheo atakipata mwenyewe. Mimi nataka kifua chake."

Alicheka, akanimiminia chai yenye maziwa mengi. "Kifua cha mtoto," akasema, "kwa hicho hata mimi ningesafiri." Tuliagana kama ndugu. Njiani kurudi niliimba, na dereva wa mboga akaniuliza kama nimetoka harusini.

2 Februari

Imekuwa. Mutie ameandika kwamba Ndululu amemhamisha, sasa yuko zamu ya mchana, saa kumi na mbili mpaka saa kumi na mbili, kwenye nyumba ya mgeni mkubwa wa nchi za nje, nje kidogo ya mji, huko kwenye mitaa ya matajiri. Kuna miti mpaka barabara haionekani. Hakuna basi linalopita. Kazi yake ni kuzunguka ua, mzunguko baada ya mzunguko, na kufungua geti.

Nimesoma barua hiyo kwa Kalunde, kwa mama wa duka, na kwa mwenye kinu. Mama yupi mwingine amehamisha askari akiwa amekaa Mutomo?

5 Februari

Joto. Kisima cha chini kimeanza kunuka matope.

10 Februari

Barua. Naiandika hapa kama alivyoandika.

"Mwaitu, huku ni kuzuri kwa macho. Asubuhi napumua vizuri. Ikifika saa nane, saa tisa, jua likiwa kali na upepo unatoka upande wa mjini, kifua kinafungwa kama mzigo wa kuni. Nikipumua kwa nguvu, kinachoma ndani. Jua likishuka kinafunguka kidogo kidogo. Ile dawa ya kuvuta ya mwezi mzima imeisha kwa siku kumi na mbili. Sielewi, kwa sababu moshi siuoni."

Ni baridi ya zamani inayotoka mwilini. Inatoka ikipigana. Nimemjibu hivyo, na nimempelekea asali chupa mbili.

14 Februari

Dirie amerudi kutoka Nairobi. Anafunga Ramadhani, midomo imekauka kama ngozi ya ngoma, lakini alikuja mpaka mlangoni kwangu kwa miguu. Alikuwa amempelekea Mutie asali.

"Nilimkuta saa tisa, amekaa juu ya jiwe karibu na geti. Mabega yako juu hapa, kwenye masikio. Anaongea neno moja, anapumzika."

"Alikuwa amechoka."

"Mama Mutie, mimi si daktari. Lakini mbuzi akipumua vile, simpakii kwenye lori."

Nilimwambia mtoto wangu si mbuzi. Nilimwambia aende akafuturu. Aliondoka, na saa ya kufuturu ilikuwa bado mbali. Huyu mtu anazungumza sana kwa mtu anayefunga.

17 Februari

Barua nyingine. Mutie alimwendea Ndululu kuomba arudishwe ghalani, usiku. Ndululu alimsikiliza vizuri, kisha akasema: "Hii zamu si mimi niliyekupa. Mama yako alikaa na mama yangu. Nikiivunja, mama yangu ataniuliza kama sasa zawadi za watu anakula bure. Mama yako amwandikie mama yangu mistari miwili, ataielewa." Mutie anasema, "Mwaitu, ni mistari miwili tu."

Mistari miwili. Nimwandikie Mbinya kwamba ule mchana niliouomba kwa kiondo cha miezi mitatu sasa siutaki, nirudishiwe baridi. Na hapa niseme nini? Nimeshawaambia watu wote.

Nimemjibu Mutie avumilie. Nimemwambia kazi ya kivulini watu wanaililia. Nimemwambia, na hili naliandika kwa sababu niliapa kutoficha kitu kwenye daftari, kwamba mwanamume wa miaka ishirini na sita hamlilii mama yake kwa sababu ya jua.

Alhamisi. Dirie aliichukua barua hiyo bila kuniangalia.

19 Februari

Joto. Kuku wanatembea midomo wazi.

21 Februari

Nimeenda hospitali ya misheni kwa ajili ya goti langu. Aliyenihudumia ni msichana wa Kisomali, anaitwa Ijabo, tunamwita daktari ingawa anasema bado hajafika hapo. Mdogo kama kitinda mimba wangu. Nilitaka kuomba mkubwa wake, lakini mstari ulikuwa mrefu. Akilikanda goti nikamsimulia habari za Mutie, kidogo kwa kujisifu. Akaacha goti.

"Anabanwa saa ngapi, mama?"

"Saa nane, tisa. Jua likiwa kali."

"Na usiku kule mjini alikuwaje?"

"Alikohoa. Lakini alisema anapumua."

Aliketi. Akaniambia moshi wa magari hauishi pale unapopotea machoni. Ukipigwa na jua kali unapikika, unageuka hewa nyingine isiyo na rangi, na hewa hiyo ndiyo inayochoma mapafu. Jua likizidi, inazidi. Siku za joto mfululizo bila upepo wa nguvu ndizo mbaya kabisa. Usiku hakuna moto wa kuipika, inapungua. Na tena moshi unapikika ukiwa safarini: upepo unautoa moshi mjini, na unapofika pembeni kwenye miti, ndipo umeiva.

"Inaitwaje?"

"Ozoni."

Nikacheka. "Hiyo naijua, redio inaimba kila wiki. Wanasema imetoboka, ndiyo inatukinga na jua. Sasa wewe unasema inaua?"

"Ile iko juu sana, mama, na huko juu inatukinga. Hii ni ya chini, tunaivuta. Ni kitu kimoja, lakini mapafu hayakuumbiwa kukivuta."

"Na hiyo ya Nairobi umeipima?"

"Sijapima. Sijui kama kuna aliyepima. Katika miji mikubwa ya nje wamepima, na wakati wa joto kama hili wanawaambia wenye pumu wakae ndani mchana. Mama, mwanao anazunguka ua saa tisa akipumua kwa nguvu. Mtu mwenye pumu ningemweka popote isipokuwa pale. Usiku ulikuwa na baridi na moshi, sikatai. Lakini usiku alikuwa anapumua."

Goti aliliandikia dawa. Nilitoka nikiwa nimekasirika, na njia nzima sikujua nimemkasirikia nani.

22 Februari

Nimemwandikia Mbinya. Si mistari miwili, ni saba, lakini ni barua. Nimesema kijana arudishwe usiku, na lawama ni yangu. Dirie ataipeleka kwa Mutie, ampe Ndululu. Nimeiweka ndani ya Biblia isikunjike.

24 Februari

Alhamisi. Lori la Dirie limepita saa mbili. Nilikuwa nimesimama kwenye uzio, mikono mitupu. Kalunde alikuwa nami, ananieleza jinsi anavyonisifu kwao. Ningeitoa vipi barua mbele yake? Angeuliza ni ya nini.

Alhamisi ijayo.

25 Februari

Joto. Barua bado iko kwenye Biblia.

26 Februari

Joto. Redio imesema na Nairobi ni hivyo hivyo, na mvua bado.

27 Februari

Jumapili. Mchungaji aliniita mbele nitoe ushuhuda wa mambo ambayo Bwana amemtendea Mutie. Nilisimama. Nilikuwa nimeshika Biblia, na barua imo ndani. Nikasema Bwana amemtoa mwanangu kwenye baridi ya usiku akamweka mchana chini ya miti. Nilisema vizuri. Mimi nasema vizuri, kila mtu anajua. Walipiga makofi, na Kalunde alilia.

Nilipoketi niliipapasa bahasha kwa kidole. Kama ningesema pale ukweli, wangenipigia makofi pia? Sijui. Sikujaribu.

1 Machi

Joto.

3 Machi

Nimempa Dirie barua. Kalunde alikuwepo tena, na safari hii nikampa mbele yake. Aliuliza ni ya nini, nikasema ni salamu. Dirie aliitia mfukoni, akafunga kifungo. "Hii nitampa mkononi," akasema. "Kesho nikimaliza kuuza."

10 Machi

Naandika sasa kwa sababu jana zimekwisha siku za kwanza za watu kukesha nami, na watu wamepungua kidogo uani.

Dirie alirudi Jumapili. Lori lake huwa linapiga honi kuanzia darajani, watoto wanakimbia. Jumapili halikupiga. Nilikuwa naosha maharagwe. Alishuka, akavua kofia yake, akasimama kwenye jua bila kusogea kivulini. Nilijua kabla hajaongea, na bado nilimkaribisha uji, mtu aliyefunga.

Alinieleza kila kitu kwa utaratibu, na namshukuru, hakuruka. Ijumaa alfajiri aliingia sokoni. Mbuzi walichelewa kwisha. Alikwenda kule kwenye miti alasiri, akafika saa kumi na moja kasoro. Getini akamkuta askari mwingine, kijana mgeni, kofia haimtoshi. Alipouliza Mutie, yule kijana akaangalia chini.

Ilikuwa saa tisa na kitu. Mpishi wa nyumba ile ndiye aliyemwona. Anasema siku hiyo hata mbwa walikataa kutoka chini ya gari. Mutie alizunguka ua, akasimama, akashika waya wa uzio kwa mikono miwili, akainama kama mtu anayesukuma kitu. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa mfukoni, tupu. Mpishi alitaka aingie jikoni apumzike, akakataa kwa kichwa kwa sababu askari haruhusiwi kuacha geti. Halafu akapiga filimbi. Mpishi anasema hakukuwa na pumzi ya kupiga filimbi, ilitoa sauti ndogo, kama ya ndege. Walimpakia kwenye gari la mwenye nyumba. Walifika hospitali, yeye hakufika.

Dirie aliitoa barua mfukoni. Kifungo kilikuwa bado kimefungwa.

"Nimeirudisha, mama Mutie. Sikuona wa kumpa."

Nikamwambia aingie ndani atoke juani. Tulikaa. Alilia kabla yangu, mzee mzima, ndevu na hina yake. Nilimfukuza mlangoni kwangu kwa sababu aliniambia jinsi mtoto wangu anavyopumua.

Ijumaa tarehe nne alikufa. Barua niliiandika tarehe ishirini na mbili. Tarehe ishirini na nne lori lilipita mbele yangu nikiwa nimesimama.

13 Machi

Tulimzika jana. Kampuni ilileta shada na mtu wa kusoma karatasi. Mchungaji alisema hakuna mama katika Mutomo aliyempigania mwanawe kama mimi, kwamba nilisafiri mpaka Nunguni kwa ajili ya kifua chake. Watu waliitikia. Nilikaa pale nikasikiliza sifa zangu, moja moja, zote za kweli.

Mbinya alikuja. Ametoka mbali. Alinishika mkono akasema, "Tulimtakia mema." Nilitaka kumwambia mwanawe angeweza kuivunja ile zamu bila mistari miwili. Lakini na mimi ningeweza kuandika bila kungoja Alhamisi mbili. Nikasema ndiyo, tulimtakia.

15 Machi

Nimeenda kwa Ijabo. Sikuwa na goti lolote. Nikamuuliza, ni mimi?

Alinivutia kiti. "Pumu ni kitu kibaya, mama. Alikuwa nayo tangu utoto. Dawa ilikuwa imeisha. Joto, ile hewa, kazi ya kuzunguka. Siwezi kukuwekea kidole kwenye kimoja nikasema ndicho."

"Angekuwa usiku?"

Akanishika mkono, yeye ambaye nilitaka kumwitia mkubwa wake.

19 Machi

Mawingu. Hayakunyesha.

22 Machi

Mvua ya kwanza usiku, nzito. Asubuhi kila mtu yuko shambani. Redio imesema Nairobi kumepoa.

24 Machi

Kalunde alikuja na unga na maziwa. Alikaa, akasifu mvua, akazunguka, akafika kwenye haja yake. Ile nafasi ya Mutie bado iko wazi, wanaweka watu wa muda. Anaomba nimwandikie Mbinya. Kiema ni kijana mtulivu, meno anayo.

Nilimwambia kila kitu. Moshi unaopikika, jua, saa tisa, maneno ya Ijabo, barua kwenye Biblia, na kwamba Kiema naye alikuwa akikohoa hapa uzioni utotoni. Nilimwambia nimemuua Mutie kwa mikono yangu, nisingependa na yeye amuue wake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, bila hasira, "Mama Mutie, alipopata ile kazi ulisema ni wewe. Alipohamishwa ukasema ni wewe. Sasa amekufa, na hilo nalo ni wewe. Hutaki sisi wengine tuwe na kitu?"

"Kalunde, sikuringii."

"Kama nafasi unamwekea mdogo wake, niambie tu. Sitakasirika."

Alisimama, akakung'uta kanga yake. Unga aliuacha. Nimekaa na maneno yake mpaka sasa, na sioni mahali pa kuyashika, kwa sababu nusu yake ni kweli. Miaka yote nimesema sana, mpaka siku nilipokuwa na jambo la kusema, hakuna aliyelisikia.

30 Machi

Kalunde alikwenda Nunguni mwenyewe. Kiema amepata.

Amepita leo kuniaga, amechana nywele. Nimemkalisha hapa nikamwambia: ikifika saa nane kifua kikianza kubana, ingia kivulini, kaa chini, usizunguke. Wakikufukuza, rudi. Atakayekucheka, mlete kwangu. Akasema, "Sawa, mama," kwa heshima, kama watoto wanavyomjibu mtu aliyefiwa.

Kisha akauliza kama ile sweta nzito ya Mutie ya kampuni bado iko, kwa sababu mama yake amesema huko Nairobi kinachoua ni baridi.

Nikamwambia tulimzika nayo. Iko kwenye sanduku langu la nguo. Sitaitoa.